Baiskeli za Mpakani na Akili za Uzeeni

Kabla boda boda haijawa pikipiki ilikuwa baiskeli, nyeusi, nzito, yenye keria iliyofungwa kipande cha godoro ili abiria asiumie, na kwao kulikuwa kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, Busia na Malaba. Katika miaka ya 1960 msafiri aliyeshuka basi upande mmoja alikuwa bado ana ardhi ya kukata kati ya vituo viwili vya forodha, na gari halikuvuka bila karatasi. Baiskeli ilivuka. Vijana waliita abiria kwa sauti, wakapakia mtu, kikapu, kuku na gunia, wakakanyaga pedali hadi ng'ambo, kisha wakarudi na mzigo mwingine. Kutwa nzima miguu yao haikupumzika. Jina la kazi hiyo likaenea Afrika Mashariki yote, lakini kazi yenyewe, ile ya kutumia nguvu za mwili, imebaki kwa wachache.

Waliokuwa vijana wakati huo sasa ni wazee. Katika nyumba kadha wa kadha za Busia na Tororo kuna mzee anayemwita mjukuu kwa jina la ndugu aliyefariki zamani, au anayetoka kwenda shambani asijue njia ya kurudi. Watu husema ni uzee tu. Madaktari husema ni dimensia, yaani kudhoofika kwa ubongo kunakoanza miaka mingi kabla dalili hazijaonekana, na ambako kwa kiasi fulani kunategemea namna mtu alivyoishi alipokuwa na nguvu zake. Ndiyo maana historia ya kazi, chakula na barabara za mpaka huu ni historia ya akili za watu wake pia.

Lumino iko kusini-magharibi mwa mji wa Busia wa Uganda, kwenye barabara inayoshuka Majanji, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Ni nchi ya Wasamia. Tarehe 1 Aprili 1902 serikali ya Uingereza iliukata Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuuingiza katika himaya ambayo baadaye ikawa Kenya. Wasamia wakajikuta nusu yao wako Funyula, upande wa Kenya, na nusu wako Lumino na Masafu, upande wa Uganda, ukoo mmoja chini ya serikali mbili. Kabla ya hapo walikuwa maarufu kwa chuma. Wahunzi wa vilima vya Samia waliyeyusha mawe, wakafua majembe, na majembe hayo yalisafiri kichwani mwa watu hadi kwa Wajaluo na majirani wengine, yakabadilishwa kwa nafaka na mifugo. Biashara ya nchi hii ilianza kwa miguu na ikaendelea kwa miguu kwa vizazi.

Nyumbani hali ilikuwa hiyohiyo. Ulezi ulilimwa kwa jembe la mkono, ukavunwa kwa kisu, ukasagwa juu ya jiwe na mwanamke aliyepiga magoti. Maji yalifuatwa mtoni, samaki walifuatwa ziwani. Pamba ilipoanza kulimwa Uganda mwaka 1903 na kodi ikalazimisha kila kaya kutafuta fedha, kazi haikupungua, iliongezeka: mizigo ya pamba ilibebwa mgongoni na kichwani hadi kwenye vinu, kabla reli haijafika Tororo mwishoni mwa miaka ya 1920. Haikuwa raha, na asiwepo wa kuisifia njaa au kazi ya shuruti. Lakini mwili ulikuwa mwendoni tangu alfajiri, na mwili huo daktari mmoja aliupima.

Daktari huyo ni C. P. Donnison, aliyefanya kazi katika hospitali ya serikali ya kikoloni huko South Kavirondo, upande wa mashariki wa Ziwa Victoria. Mwaka 1929 alichapisha katika jarida la Lancet matokeo ambayo mpaka leo yanashangaza. Kwa muda wa miaka miwili hospitali yake ililaza wagonjwa wapatao 1,800, na kati yao hakukuta hata mmoja mwenye shinikizo la juu la damu. Akaenda mbali zaidi, akapima watu 1,000. Hadi umri wa miaka 40 vipimo vyao vilifanana na vya Wazungu. Baada ya hapo njia ziliachana: Mzungu presha yake ilipanda kadiri alivyozeeka, Mwafrika wa kando ya ziwa ikaelekea kushuka.

Mwaka huohuo wa 1929 alifika Kenya daktari Hugh Trowell, ambaye baadaye alifundisha udaktari katika hospitali ya Mulago, Kampala, kwa miaka mingi. Naye alisimulia kwamba alipoanza kazi, presha na maradhi ya moyo kwa Waafrika yalikuwa nadra mno. Mwaka 1956 yeye na mwenzake Singh waliandika kuhusu Mwafrika mmoja aliyepatwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mgonjwa mmoja alitosha kuwa makala nzima ya kitaalamu. Leo hakuna daktari wa Tororo ambaye angeshika kalamu kwa ajili ya mgonjwa wa namna hiyo, kwa kuwa si jambo la ajabu tena.

Kuna hoja moja inayostahili kujibiwa hapa. Watu wachache walifika miaka 70 wakati wa Donnison, kwa hiyo dimensia ingekuwa adimu hata kama presha ingekuwa juu. Ni kweli, umri ndio kihatarishi kikubwa kuliko vyote. Hata hivyo, kinachomdhuru mzee wa miaka 75 ni presha aliyokuwa nayo akiwa na miaka 45 au 50. Damu inayosukumwa kwa nguvu kupita kiasi kwa miaka ishirini huikaza na kuiziba mishipa midogo iliyo ndani kabisa ya ubongo. Sehemu ndogondogo za ubongo hufa pasipo mtu kuanguka wala kupooza, kiharusi kisichotoa sauti, mpaka siku ambayo zilizobaki hazitoshi kushika kumbukumbu. Kwa hiyo vipimo vya Donnison kwa watu wa makamo vina uzito: watu hao walikuwa wanaelekea uzeeni na mishipa mizima.

Nini kilibadilika? Jibu mojawapo lilitoka jikoni.

Waluhya, ambao Wasamia ni sehemu yao, wana chumvi yao ya jadi, munyu wa kienyeji, inayotengenezwa kwa kuchoma maganda ya maharagwe au mimea mingine, kisha majivu yake huchujwa kwa maji. Mama humimina maji hayo kwenye mboga za kienyeji, yakazilainisha na kuzitia ladha. Chumvi ya majivu ina potasiamu kwa wingi. Chumvi ya dukani ni ya sodiamu. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye sufuria, lakini kwenye mishipa ya damu ni kubwa, maana sodiamu huipandisha presha na potasiamu huishusha.

Ushahidi ulipatikana jirani kabisa na Samia. Katika miaka ya 1980 Neil Poulter na wenzake waliwafuata vijana wa Kijaluo waliotoka vijijini kaskazini mwa ziwa kwenda kutafuta kazi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalitoka mwaka 1990 katika jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ. Presha ya waliohama ilianza kupanda mapema mno baada ya kufika mjini. Mkojo wao ulionyesha sodiamu nyingi na potasiamu kidogo kuliko wa nyumbani, na uzito wao uliongezeka. Walikuwa damu moja, lugha moja, pengine mama mmoja. Kilichobadilika ni sahani, kazi na mazingira. Anayedai kwamba presha ni ugonjwa wa ukoo tu angefaa kuusoma utafiti huo mara mbili.

Baiskeli nayo ilikuwa na siku zake za utukufu, na zilikuja wakati wa dhiki. Agosti 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda, na kwa muda mfupi maduka yakawa matupu. Sukari, sabuni na chumvi vikawa vitu vya kunong'onezewa. Kisha baridi kali ikaunguza mashamba ya kahawa ya Brazil mwezi Julai 1975, bei ya kahawa ikapaa duniani, na kahawa ya Uganda ikaanza kuvuka mpaka usiku kuelekea Kenya, huku bidhaa za dukani zikivuka kurudi. Chepkube, kule kaskazini chini ya Mlima Elgon, ndiyo iliyovuma zaidi, lakini vichochoro vya Busia na Malaba havikulala. Hayo ndiyo magendo, na chombo chake kwa watu wa kawaida kilikuwa baiskeli. Gunia la kahawa lililofungwa kwenye keria halikanyagiki kirahisi kwenye njia ya tope. Lilihitaji mapaja, pumzi na moyo.

Busia ilikuwa na kundi jingine la wasafirishaji ambalo halijapewa nafasi yake katika historia: walemavu wa miguu waliovuka mpaka kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazozungushwa kwa mikono. Maofisa wa forodha waliwaachia kupita, wafanyabiashara wakawatafuta, na watu ambao awali walionekana mzigo nyumbani wakajenga nyumba na kusomesha watoto. Susan Reynolds Whyte na Herbert Muyinda waliandika juu yao mwaka 2007. Magurudumu hayo yaliwapa kipato, lakini yaliwapa pia mambo mawili ambayo wataalamu wa ubongo leo wanayahesabu kama kinga, yaani kazi ya mwili na watu wa kuongea nao kila siku.

Pikipiki zilianza kuingia kazini Uganda katika miaka ya 1990. Kenya ilifuata kwa kishindo baada ya serikali kuondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008. Ndani ya miaka michache steji za Busia, Malaba na Tororo zilijaa pikipiki za India na China. Kijana hakuhitaji tena mapaja. Abiria naye, aliyekuwa akitembea kilomita tatu kwenda sokoni kwa kuwa nauli ilimshinda au kwa kuwa mlima uliishinda baiskeli, sasa anapanda mlangoni na kushuka mlangoni. Lami nayo imefika: barabara ya kutoka Musita kupitia Mayuge hadi Lumino, Majanji na Busia sasa inapitika mwaka mzima. Mjamzito anafika hospitali ya Masafu badala ya kujifungulia njiani, na samaki wanafika sokoni wakiwa wabichi. Hakuna mwenye akili timamu anayeomba lami iondolewe.

Lakini hasara zipo, na moja inavuja damu. Wodi za majeruhi katika hospitali kubwa za nchi hizi mbili, Mulago na Kenyatta zikiwemo, zimefahamiana na pikipiki kwa uchungu. Aliyegonga kichwa na kupona hudhani yameisha. Hayajaisha. Jeraha la kichwa ni miongoni mwa mambo yanayoongeza uwezekano wa kupata dimensia miaka mingi baadaye, na kijana wa steji anayeitundika helmeti kwenye kioo cha pikipiki ili aionyeshe polisi tu anauweka rehani uzee wake. Kazi iliyozaliwa mpakani kama kazi ya miguu imegeuka kazi ya kukaa, tena yenye hatari ya kichwa. Mabadiliko hayo mawili yalikuja pamoja, katika kizazi kimoja, na lawama haiwezi kuwekwa kwenye uvivu wa mtu yeyote. Yaliletwa na kodi, bei na barabara.

Je, mwendo wa maisha unaweza kweli kuibadilisha hatima ya ubongo? Utafiti mmoja mkubwa uliohusisha Afrika ulianza mwaka 1992, ukiongozwa na Hugh Hendrie na Adesola Ogunniyi pamoja na wenzao, kwa kuwalinganisha wazee Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis. Matokeo ya mwaka 2001 yalionyesha kwamba kila mwaka wazee wa Indianapolis waliopata dimensia walikuwa asilimia 3.24, na wa Ibadan asilimia 1.35. Watu wenye asili ya Afrika Magharibi, bahari moja katikati, na tofauti ya zaidi ya mara mbili. Presha, kisukari na unene vilikuwa vimezoeleka zaidi upande wa Marekani.

Hata hivyo Afrika Mashariki haiwezi kujifariji kwamba dimensia ni ya ng'ambo. Katika wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakiwapima wazee wa miaka 70 na zaidi, na mwaka 2013 wakatoa hesabu: takribani asilimia 6.4 wana dimensia, kiwango kisicho mbali na cha nchi tajiri. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na ugonjwa huu, wengi wao wakiishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Na mwaka 2024 jopo la wataalamu lililoitishwa na jarida la Lancet lilihitimisha kwamba asilimia 45 ya visa vyote vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa iwapo mambo 14 yangeshughulikiwa. Presha imo. Kisukari kimo, pamoja na sigara, unene, kukaa bila mazoezi, majeraha ya kichwa, upweke, pombe kupita kiasi na hewa chafu. Masikio na macho yasiyotibiwa yamo pia, na elimu ndogo utotoni.

Pombe inahitaji maneno ya ziada, kwa kuwa hapa ina historia isiyofanana na ya mahali pengine. Wateso wa Tororo na Busia, kama majirani zao, wamekunywa pombe ya ulezi kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja tangu zamani. Ivan Karp, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyeishi kati ya Wateso wa upande wa Kenya, aliiandikia makala mwaka 1980 na kuonyesha kwamba karamu ya chungu ilikuwa na utaratibu wake: nani anakaa wapi, nani anampa nani mrija, nani hapaswi kuchangia chungu na nani. Ulezi ulivunwa, ukachachushwa kwa siku kadhaa, na ukanywewa polepole huku maji ya moto yakiongezwa. Wazee waliamua kesi, wakapanga mahari, wakakumbushana nasaba. Hilo la kukumbushana nasaba ni zoezi la akili kuliko michezo mingi inayouzwa leo kwa jina hilo.

Baadaye pombe kali ikachukua nafasi, chang'aa upande mmoja na waragi upande wa pili, hata ikauzwa kwenye vipakiti vya plastiki ambavyo Uganda ilivipiga marufuku mwaka 2019. Kipakiti hakihitaji chungu, wala mwenzako, wala mazungumzo. Mtu hukimaliza peke yake akiwa amesimama. Ni pombe ileile kwa jina, lakini kwa ubongo ni mambo mawili tofauti: kali zaidi, na ya upweke zaidi. Pombe ya chungu nayo haikuwa dawa, na wapo walioharibikiwa nayo. Kilichopotea ambacho hakipaswi kupotea ni kikao.

Zamani hiyo pia ilikuwa na mambo ambayo hakuna wa kuyalilia. Moshi wa kuni ndani ya nyumba ya nyasi uliwaingia wanawake mapafuni tangu utotoni. Shule iliwapita wengi, hasa wasichana. Uganda ilifungua shule za msingi bila ada mwaka 1997 na Kenya mwaka 2003, kwa hiyo bibi wa Lumino mwenye miaka 75 leo alizikosa kwa takribani miaka arobaini. Na aliyeanza kusahau, kuzungumza peke yake usiku au kutangatanga hakuwa salama, kama ambavyo hayuko salama hata leo. Mwezi Mei 2008 huko Kisii, sehemu ya ile South Kavirondo ya Donnison, watu 11, wengi wao wazee, waliuawa kwa moto wakituhumiwa uchawi. Kila kijiji kinachosikia habari hiyo kinapaswa kujua kwamba kupotea njia, kusahau majina na kuona visivyokuwepo ni dalili za ugonjwa wa ubongo.

Habari njema ni kwamba nchi hii ya mpakani imekwisha kuonyesha kinachowezekana. Kuanzia mwaka 2013 mradi wa SEARCH ulipiga kambi katika vijiji vya eneo la Tororo, vya kusini-magharibi mwa Uganda na vya magharibi mwa Kenya. Watu walikusanyika uwanjani, wakapimwa virusi vya UKIMWI, na hapohapo, kwa foleni ileile, wakapimwa presha na kisukari. Waliokutwa na presha walipangiwa matibabu karibu na nyumbani. Miaka mitatu baadaye, kati ya watu waliokuwa na presha isiyodhibitiwa, vifo vilikuwa vichache zaidi katika vijiji vilivyopata huduma hiyo kamili kuliko katika vijiji vya kulinganishia. Kwa maneno mengine, mfumo uliojengwa kupambana na UKIMWI unaweza kubeba presha pia, na kinachoilinda mishipa ya moyo huilinda na ya ubongo.

Mwenye miaka 40 katika Lumino, Malaba au Tororo asingoje kusahau ndipo amtafute daktari. Presha hupimwa kwa dakika chache na dawa zake za kawaida si za bei ya juu. Wakuu wa wilaya upande wa Uganda na wa kaunti upande wa Kenya wahakikishe kipimo na dawa havikosekani katika vituo vya afya vya vijijini, wawabane wenye steji kuhusu helmeti, na waache nafasi ya miguu na baiskeli kando ya kila barabara mpya wanayoiweka lami.